Nilimwaibisha kijana mbele ya wenzake, nikajiita mlezi

Juzi mzazi mmoja aliniandikia: "Ustadhi, mwanangu ana miaka 16, kaharibika. Nimuite mbele ya wajomba zake?" Kwa kawaida yangu ningemjibu papo hapo. Safari hii mkono ulisita.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na darasa la akhlaki, yaani tabia njema, na nisifiche, nilikuwa natamba: vijana walijaa hadi mlangoni. Siku moja mada ilikuwa ulimi. Kijana wa nyuma kainamia simu chini ya daftari. Nikamwita mbele, nikaipokonya, nikausoma ujumbe wake kwa sauti. Ulikuwa wa msichana. Darasa likaangua kicheko. Alichukua kofia yake bila neno, akavaa viatu huku anatembea, visigino nje. Hakurudi tena. Nami nikaendelea na somo langu la ulimi!

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ameandika kwenye kitabu chake Ihya kuwa mtoto akifanya jema asifiwe mbele za watu. Akikosea mara moja afumbiwe macho, hasa akiwa mwenyewe analificha kosa lake, maana ukimfichua huenda akapata ujasiri na asijali tena kufichuliwa. Akirudia, aonywe faraghani. Na lawama zisizidi, sikio lisije likazizoea. Sehemu hiyo niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Kwake yeye tabia ni hali iliyokita ndani ya nafsi, matendo yakatoka yenyewe bila kujikaza. Bakhili anayetaka ukarimu ajilazimishe kutoa, tena na tena, mpaka mkono uzoee. Ni kazi ya miaka. Sasa wewe unayetupia makosa ya mwanao kwenye gurupu la ukoo, unamzoesha nini? Unamzoesha kutokuona haya. Sitiri, ndugu yangu. Sitiri kwanza.

Basi nikamuuliza yule mzazi: kosa lenyewe ulilijuaje?

"Nilipekua simu yake akiwa amelala."

Nikamwambia asimwite mjomba yeyote, anyamaze, na wiki hii atafute jambo moja jema la kijana alitaje mezani, watu wakisikia. Amenijibu kwamba alitarajia ushauri wa dini.