Kaka yangu alichukua kadi ya mkopo kwa jina langu

Barua ya benki ilikuwa na jina langu kamili na deni la kadi ambayo sijawahi kuishika. Nilidhani ni matapeli wa mitandaoni. Nilipopiga simu kuuliza, wakanisomea anwani iliyoandikwa kwenye fomu ya maombi: nyumbani kwa mama. Pale wanaishi watu wawili tu, mama na kaka yangu mkubwa.

Nikafanya kosa ambalo naomba wewe usilifanye. Nikaanza kulilipa. Nilitaka limalizike kimyakimya, mama asijue, kaka asiaibike. Nililipa miezi miwili. Baadaye, nilipoandika kulipinga, benki wakaniuliza: kama deni si lako, mbona umekuwa ukililipa? Lilikuwa swali la haki, na lilinichukua miezi ya barua kulijibu. Kwa hiyo usitoe hata senti moja kabla hujalipinga deni kwa maandishi. Simu pekee haitoshi. Andika, tunza nakala, na kila ukizungumza na mtu, weka kwenye daftari tarehe, jina lake na alichosema.

Mama alipojua, alilia, kisha akaniomba niseme kwamba nilimruhusu kaka kutumia jina langu. Namwelewa, alikuwa anawaokoa watoto wake wote wawili kwa wakati mmoja. Lakini ukishasema ulimruhusu, hakuna tena kughushi. Deni linakuwa lako kwa kinywa chako mwenyewe. Mimi nilisema niliyoyajua tu: sikuomba kadi, sikutia sahihi, sikuipokea, sikununua chochote kwayo.

Kwenda polisi ndiko kulikoniumiza zaidi. Benki walitaka taarifa ya polisi ndipo waendelee na uchunguzi, na taarifa hiyo ina mahali pa kumtaja unayemshuku. Siku moja kabla, nilimfuata kaka, nikamwambia uso kwa uso kwamba kesho naenda, na kwamba bado ana nafasi ya kukiri kwa maandishi na kulibeba deni lake. Alinyamaza. Nikaenda. (Kama ndugu yako ni mtu wa kukudhuru, usimwambie mapema. Anza na polisi.)

Kilichomaliza ubishi ni fomu yenyewe ya maombi. Iombe benki ikupe nakala. Kwenye yangu, namba ya simu na barua pepe vilikuwa vya kaka, na sahihi haikufanana hata kidogo na yangu. Walio Marekani wana haki hii kisheria: wakishathibitisha utambulisho wao na kuwasilisha taarifa ya wizi wa utambulisho, kampuni iliyotoa mkopo inatakiwa kuwapa nyaraka hizo ndani ya siku 30, bila malipo. Taarifa yenyewe huanzia kwenye tovuti ya serikali, IdentityTheft.gov. Ukiipeleka kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo za watu, pamoja na uthibitisho wa wewe ni nani, wanatakiwa kulizuia deni hilo lisionekane kwenye rekodi zako ndani ya siku 4 za kazi.

Usisubiri benki imalize ndipo ufunge mlango. Ndugu anajua tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho chako, hata majibu ya maswali ya siri, maana mlikua pamoja. Ziambie kampuni zinazotunza rekodi zako za mikopo zizifunge, wakopeshaji wapya wasiweze kuzisoma, ili asiweze kufungua kadi nyingine. Marekani huduma hiyo ni bure tangu 2018. Badilisha nywila na maswali ya siri. Hamisha barua zako zisifikie tena nyumba ile. Kisha omba ripoti nzima ya mikopo yako uisome mstari kwa mstari. Mimi nilikuta kadi ya pili.

Benki ilifuta madeni yote mawili, na nikadai barua inayosema hivyo. Ninayo mpaka leo, kwa sababu deni lililofutwa linaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, nao wakakupigia simu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kaka tulikaa mwaka mzima bila kusemeshana. Sasa tunasalimiana, na nimemsamehe kweli. Rekodi zangu za mikopo bado nimezifunga, naye nimemwambia hivyo.