Kichaa cha mbwa na mfuko mtupu: maswali kutoka Tabora

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 7 ameumwa na mbwa wa kupita kwenye shavu la mguu, damu ilitoka. Hospitalini wameniambia ninunue vichupa vinne vya chanjo. Sina bima, na baba yake yuko porini kwenye mizinga ya nyuki hadi mwisho wa mwezi. Nimsubiri? – Mama, Usoke, Urambo

Marahaba mama. Usimsubiri. Virusi vya kichaa cha mbwa hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini imewahi kuwa chini ya wiki moja, na imewahi kupita mwaka. Kidonda kikiwa karibu na kichwa, njia ni fupi zaidi. Mtoto akishaanza kukabwa koo kila akiona maji, hakuna hospitali itakayomrudisha. Chanjo inafanya kazi kabla ya hapo tu.

Kama kidonda hakijaoshwa vizuri, kioshe leo, hata kama zimepita siku. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukadiria. Kibuyu chirizi kinatosha, na sabuni ya kufulia inafaa. Fungua kidonda kwa vidole maji yaingie ndani, kisha paka iodini au spiriti. Pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri na jiwe jeusi viache vilipo, maana vinachoma nyama na virusi vinabaki. Kidonda kisishonwe haraka haraka.

Sasa pesa. Vichupa vinne ni vya ratiba ya kuchoma msuli: siku ya 0 (siku ya sindano ya kwanza), ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na 28. Havihitajiki vyote leo. Leo kinahitajika kimoja. Mwambie hivyo anayekuandikia, na umuulize swali moja: "Hapa mnachoma ndani ya ngozi?" Wakisema ndiyo, hesabu inabadilika kabisa, kama utakavyoona kwenye jibu linalofuata.

Kama hata cha kwanza huna, usibishane na mtu wa dirisha la malipo, hana mamlaka ya kusamehe. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Sera inasamehe watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mwanao wa miaka 7 haingii kwa umri, anaingia kwa kundi la wasiojiweza. Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia sana, na kama kaya yenu imo TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, taja. Barua haipo? Omba mtoto achomwe leo na barua uilete siku ya 3. Ofisi ikiwa imefungwa, muulize muuguzi wa zamu nani anashika nafasi ya mganga mfawidhi, kisha mwone huyo.

Mimi ni muuguzi kituo cha afya. Tunajua habari ya kuchoma ndani ya ngozi lakini wagonjwa wakija mmoja mmoja tunaona tutamwaga dawa. Tufanyeje? – Sikonge

Swali hili ndilo lenye pesa ndani yake, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Ratiba ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2018 ni mahudhurio matatu: siku ya 0, 3 na 7. Kila hudhurio mgonjwa anapata mililita 0.1 bega la kulia na 0.1 bega la kushoto. Dozi nzima ni mililita 0.6. Kuna kichupa cha mililita 1 na cha mililita 0.5 kulingana na mtengenezaji, basi soma lebo kabla ya kupiga hesabu.

Chukua mfano wa kichupa cha mililita 1 kinachouzwa sh. 30,000. Kwa msuli, vichupa vinne ni sh. 120,000. Kwa ngozi, hata ukiwa na mgonjwa mmoja tu na ukamwaga kila kinachobaki, ni vichupa vitatu, sh. 90,000. Umeshaokoa 30,000 bila kushirikisha mtu. Wakija wanne siku moja, kila mmoja anabeba sh. 7,500 kwa hudhurio, na dozi nzima ni sh. 22,500. Halmashauri iliyokuwa inaweza kumlipia mtu mmoja asiye na kitu sasa inalipia watano, na chenji inabaki. Kwa kichupa cha mililita 0.5 wanashirikiana wawili.

Panapoharibika ni hapa. Kichupa kikishachanganywa kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 na kitumike ndani ya saa 6. Andika saa ya kufungua kwenye lebo, si kichwani. Tumia bomba la mililita 1 lenye sindano nyembamba, kwa namna ileile unavyochoma BCG, chanjo ya kifua kikuu. Ukitoa sindano lazima ubaki uvimbe mdogo wenye vitundu kama ganda la chungwa. Usipouona, dawa imeingia chini ya ngozi: rudia mililita 0.1 pembeni kidogo. Mtoto wa chini ya miaka 2 achomwe pajani kwa mbele upande wa nje. Makalioni, iwe kwa ngozi au kwa msuli, hapana, mafuta ya pale yanaifanya chanjo iwe dhaifu.

Kuhusu wagonjwa kuja mmoja mmoja, mgonjwa wa siku ya 0 hasubirishwi apate wenzake. Kinachosaidia ni wilaya kuteua vituo vichache vya chanjo hii, zahanati zote zikaelekeza huko, na kila kituo kikawa na daftari moja la walioumwa. Aliye siku ya 7 hukutana na aliye siku ya 0 bila mtu kupanga. Ubaya wake ni nauli. Mtu wa Kitunda hawezi kuja Sikonge mjini mara tatu kwa urahisi, kwa hiyo kituo kimoja wilaya nzima ni kidogo mno.

Tabia moja iachwe: kumnunulisha mgonjwa kichupa, kumchoma mililita 0.2, kisha kumchoma mwingine kilichobaki naye akalipa bei kamili. Mtu akigundua, wilaya nzima itaacha kuwaamini.

Nina kadi ya CHF (bima ya afya ya jamii) iliyoboreshwa. Nimeambiwa chanjo haipo, nikanunue famasia mjini. Nikibeba kwenye basi itaharibika? – Bukene, Nzega

Itaharibika ukiibeba mfukoni. Nenda na chombo kinachofunga vizuri, weka barafu, funga kichupa kwenye gazeti au kitambaa ili kisigusane na barafu, maana kuganda nako ni hasara. Angalia kama famasia inakitoa kwenye friji au kwenye rafu. Kikitoka kwenye rafu, usinunue. Tazama tarehe ya mwisho, chukua risiti.

Kabla ya safari hiyo mwombe mfamasia wa hospitali apige simu hospitali za jirani, na Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, pia. Ni dakika kumi za simu dhidi ya siku nzima ya basi. Na mwambie aweke chanjo kwenye oda ya Bohari ya Dawa, ambayo kanda yake iko hapahapa Tabora. Dawa isiyoandikwa kwenye oda haiji.

Daktari alitaja sindano nyingine ya kwenye kidonda, haipo. Je, chanjo peke yake ni bure tu? – Kaliua

Hapana, anza chanjo. Hiyo nyingine ni kingamwili zilizo tayari, hudungwa ndani na kuzunguka kidonda kilichotoboa ngozi, kulinda mwili wakati chanjo haijaanza kazi. Hupimwa kwa uzito: yuniti 40 kwa kilo ikiwa imetokana na farasi, 20 ikiwa imetokana na binadamu. Ikipatikana ndani ya siku 7 tangu sindano ya kwanza bado inafaa. Baada ya hapo mwili umeshaanza kutengeneza zake.

Mbwa aliyeniuma ni wa jirani, bado mzima. Niendelee kulipia sindano? – Isevya

Anza, huku mbwa amefungwa na anaangaliwa siku 10. Akifika siku ya 10 anakula na kubweka kama kawaida, daktari anaweza kusitisha zilizobaki. Akifa, akitoroka au akibadilika, maliza dozi na umwite afisa mifugo. Msimuue kwa hasira siku ya kwanza, mtakuwa mmeua kipimo chenu. Gharama mdai mwenye mbwa mbele ya mtendaji, risiti mkononi. Wengi hulipa kabla ya kufika baraza la kata.

Kwa nini chanjo za watoto ni bure na hii tunauziwa? – Cheyo

Kwa sababu zile zimo kwenye mpango wa taifa wa chanjo, zinaagizwa kwa wingi na wafadhili huchangia. Hii imeishi kama dawa ya hospitali: kituo kinainunua kwa fedha zake, kisha kinajaribu kuzirudisha. Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi kupata chanjo, iliidhinisha mwaka 2018 kugharamia chanjo ya walioumwa, Uviko-19 ikachelewesha, na maombi ya nchi yakafunguliwa 2024. Tunaona halmashauri isisubiri huko. Fungu dogo la dozi za dharura, likitumika kwa ngozi, linabebeka. Na chanjo ya mbwa ndiyo rahisi kuliko zote: wakichanjwa asilimia 70, ugonjwa hukosa pa kupita.

Ng'ombe ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, sasa anatoa mate na hanywi maji. Tumeshakunywa maziwa yake. – Igunga

Kama yalichemshwa, hakuna shida wala sindano. Sasa acheni kumkamua, na msimchinje ili kuokoa hela. Hatari kubwa iko kwa anayeshika mate na kupasua kichwa. Aliyemwingiza mkono mdomoni kutafuta kilichomkaba, akiwa na mchubuko, huyo ndiye aende kuchanjwa leo.