Msikate tiketi kabla ndugu wote hawajapimwa HLA, alama za seli zinazoonyesha uboho wa nani unamfaa mgonjwa

Mkuu, simamisha hiyo safari. Unasema mdogo wako ana leukemia (saratani ya damu), madaktari wametaja upandikizaji wa uboho, na mmeamua kaka yenu aende naye India kwa kuwa wote ni group O la damu. Dada yenu wa Mbagala mmemwacha eti ni B. Sisi tulifanya hivyohivyo mdogo wangu alipougua!

Kuna jamaa alijiita mtu wa maabara. Alikaa sebuleni kwetu Tabata, akanywa chai yetu, akatuhakikishia kwamba group zikifanana na uboho unafanana. Nikimkumbuka moyo unanichemka mpaka leo. Ukoo mzima ukachanga, mjomba akauza bodaboda iliyokuwa inamlisha, mgonjwa akaondoka na kaka yetu mwenye O mwenzake. Majibu ya HLA yakatoka kulekule: kaka hafanani naye hata nusu. Aliyefanana kabisa ni dada yetu, group A, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Tukaanza upya: pasipoti, viza, tiketi. Wiki sita mgonjwa yuko kitandani anasubiri, na kodi ya chumba inaliwa kila siku. Sitaki mtu mwingine apite hapo.

Group ni alama za kwenye chembe nyekundu, na jeni yake iko kromosomu namba 9. HLA ni alama za karibu seli zote za mwili, chembe nyeupe zikiwemo, na jeni zake ziko kromosomu namba 6. Kila moja inarithiwa kivyake. Mtoto anachukua seti moja ya HLA kwa baba na moja kwa mama, ndiyo maana ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana kabisa. Group kutofautiana hakuzuii upandikizaji. Mdogo wangu alizaliwa O. Leo ukimpima ni A, damu ya dada yake.

Na kama unajiuliza iwapo watoto wanaweza kurithi ugonjwa huu: aina fulani za HLA zimehusishwa na leukemia, kwa panya, ambao wana alama zao zinazolingana na HLA, uhusiano kama huo ulionekana tangu 1964, ila kuwa nazo siyo kuumwa.

Pimeni HLA ndugu wote kwanza. Inatosha damu kidogo au usufi wa kusugua shavuni, na sampuli inasafiri bila mtu kusafiri. Mpigie dada wa Mbagala leo hii.