Mama anasahau, tumeuziwa vidonge vya kumbukumbu

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, ana presha na sukari, siku hizi anasahau sana, jambo moja anauliza mara tatu. Kuna mtu katuuzia vidonge vya ginko, vya majani ya mti, kasema pia mama anywe mafuta ya nazi vijiko vitatu kila siku na dawa za presha apunguze maana ndizo zinazoharibu ubongo. Je, hivyo vitamkinga na dimensia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni?

JIBU: Marahaba. Naanza na hilo la mwisho maana ndilo baya kuliko yote, dawa za presha asipunguze hata kidonge kimoja mpaka aliyemwandikia aseme. Presha ikikaa juu miaka na miaka inaharibu vile vishipa vidogo vya damu ndani ya ubongo, na ubongo wenyewe ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote, sasa damu isipofika vizuri unategemea nini? Kuna utafiti wa Marekani, SPRINT MIND, majibu yake yalitoka 2019, waliolengwa ile namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 walipata matatizo ya awali ya kumbukumbu kwa uchache kuliko waliolengwa chini ya 140. Hiyo 120 msimwekee mama nyumbani lakini, wenye sukari hawakuwemo kwenye utafiti ule, kipimo chake atapangiwa na daktari wake.

Ginko ilishapimwa zamani. Wazee zaidi ya 3,000 wa miaka 75 kwenda juu, wengine wakapewa miligramu 120 mara mbili kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa miaka, majibu yakatoka 2008: dimensia iliwapata wa huku na wa kule bila tofauti ya maana. WHO, Shirika la Afya Duniani, nao mwaka 2019 waliandika wazi kwamba vitamini B, vitamini E na omega-3 za vidonge zisipendekezwe kwa ajili ya kuzuia dimensia. Na mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale mafuta yanayoganda, yanapandisha kolesteroli mbaya, wakati kolesteroli hiyo tangu 2024 imo kwenye orodha ya Tume ya Lancet, jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet, ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kurekebishwa. Yaani mnamnywesha mama kile kile mnachokikimbia.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba ubongo una chakula chake cha peke yake, kitu kimoja ukimeza basi. Hakuna. Lishe inayosaidia ni ile ile ya moyo na mishipa, mboga za majani, kunde, matunda, samaki, chumvi kidogo, sukari kidogo, na inajengwa miaka mingi maana mabadiliko ya Alzheimer, ugonjwa unaoleta dimensia kwa wengi, huanza hata miaka 15 au 20 kabla mtu hajaanza kusahau. Tena hata hapo nisikudanganye, lishe ya MIND, mpango wa chakula uliotungwa kwa ajili ya ubongo, ilisifiwa sana 2015, ilipokuja kujaribiwa kwa miaka mitatu, majibu ya 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana na wale waliopunguza tu kiasi cha chakula. Kule Finland walipochanganya lishe, mazoezi, kuchangamsha akili na kufuatilia presha kwa pamoja ndipo faida ikaonekana, nayo ya wastani.

Muuzaji hawezi kukwambia hayo kwa sababu hayana chupa ya kuuza. Atakuletea ushuhuda wa mzee aliyekumbuka majina ya wajukuu, atakwambia hospitali wanaficha, na kila mwezi mnaomeza vidonge vyake ni mwezi ambao mgonjwa hajapimwa. Hilo ndilo linaloniuma, maana kusahau kwingine kunatibika kabisa! Kama mama anatumia metformini ya sukari muda mrefu, au dawa za kupunguza asidi tumboni, B12 inaweza kuwa imeshuka. Tezi ya shingo ikilegea mtu anasahau, sonona inasahaulisha, hata sukari inayoshuka ghafla humchanganya mtu, na asiyesikia vizuri huuliza mara tatu tatu hivyo hivyo.

Mpelekeni apimwe B12, tezi, sukari na masikio, wampime na kumbukumbu yenyewe. Ginko iacheni leo, hasa kama anakunywa aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, maana inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, na chupa zote alizokuwa akitumia mziweke kwenye mfuko mwende nazo, msimfiche daktari hata moja.