Ukimfumania, kamera iweke chini

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji wa Masasi. Mumewe ana mchepuko, ushahidi anao, na usiku wa juzi katazama video ya Cry Me a River ya Justin Timberlake, akaona dawa yake ndiyo hiyo. "Dada, na mimi nataka alie," kaniandikia.

Wimbo huo naujua vizuri. Ulitoka 2002, mtayarishaji ni Timbaland, video kaiongoza Francis Lawrence. Kijana kasalitiwa. Anavunja na kuingia nyumbani kwa mpenzi wake wa zamani, anajirekodi mlemle akiwa na mwanamke mwingine, mkanda anauacha ukicheza mwenyewe aukute, halafu anajificha na kumchungulia akiwa bafuni. Mwaka 2003 video hiyo ikazoa tuzo mbili za MTV. Ni kazi nzuri, sibishi. Ila mdogo wangu, ule wimbo unaisha kabla mjumbe hajaitwa, kabla watoto hawajauliza, kabla mama mkwe hajapiga simu.

Mimi ya kwangu niliyaona kwenye LUKU. Ulikuwa msimu wa korosho, mume wangu yuko Tandahimba, simu yake ya pili kaiacha nyumbani Chikongola. Umeme ukaisha, nikafungua ujumbe kutafuta tokeni. Nikaingiza zile tarakimu 20, mita ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Ndipo nikasoma namba ya mita: si yetu. Nikapandisha ujumbe juu, mita ileile, mwezi hadi mwezi, na kwa pesa kubwa kuliko tuliyonunulia umeme wetu. Wanangu usiku ule walisoma kwa tochi. Mpaka leo nikisikia mita ya jirani inalia, kifua kinanibana.

Mashoga zangu wakasema twende tukamfumanie, mmoja simu yake ilishajaa chaji. Nikakataa, na najivunia kukataa. Nikaandika namba ya mita, tarehe na kiasi kwenye daftari la kikoba, nikaenda kwa shangazi yake. Alikana mbele ya wazee mpaka nilipofungua daftari. Likafuata baraza la usuluhishi la ndoa, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inataka upite huko kabla ya kuomba talaka mahakamani. Sikumtukana mtu, kwa hiyo ilipofika kugawana mali hakuna aliyepata pa kunishikia. Nilikuwa mama wa nyumbani, lakini Mahakama ya Rufani ilishakubali katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la 1983, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Nusu ya shamba la Nanyamba ni yangu.

Basi nisikilize. Usimrekodi. Ukirusha picha za mtu akiwa utupu kwenye status, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakugeukia wewe, na aliyekukosea ndiye anakuwa mlalamikaji. Usimrekodi hata mashoga wakikusukuma, kituoni utakaa peke yako. Tunza miamala. Andika tarehe. Yule mwanamke usimfuate kwake kupigana. Kama una madai naye, sheria hiyohiyo ya ndoa inakuruhusu kumdai fidia mahakamani.

Tena kuna hili la kusema msimu ndivyo ulivyo, pesa ikiingia mwanamume anachepuka, mke avumilie mpaka iishe. Silikubali. Ile pesa tuliipalilia wote, tukaiokota wote, maji ya mabibo yakitugandia vidoleni. Mwanamke aliyeinama chini ya mkorosho tangu alfajiri hana deni la kumvumilia mtu, wala hana sababu ya kujidhalilisha mtandaoni ili aonekane kaumia.

Kesho asubuhi anza na shangazi yake. Kama hayupo, kaka yake mkubwa, au imamu wenu. Nenda na daftari, na nenda na mtu mzima mmoja wa kwenu asikie kila neno.