Jibu: Picha ndogo za parachichi zinagoma kuhifadhiwa, nyingine zinalala ubavu

Mkuu wa Tukuyu, unasema programu yako ya Python inagoma kuhifadhi picha ndogo za parachichi, inalalamika "NoneType", na zile chache ulizowahi kuzipata zimelala ubavu. Hayo ni makosa mawili, usiyachanganye. Umetaja pia PNG moja inayokataa kuwa JPG; hiyo nitaigusa mwishoni.

La kwanza lilinikesha hapa Iringa usiku mzima. Umeandika ndogo = picha.thumbnail((300, 300)), halafu ndogo.save. Kwenye Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, thumbnail hairudishi kitu; inaipunguza picha ileile uliyoishika. Kwa hiyo "ndogo" yako ni tupu, ndiyo hiyo "NoneType" inayolalamikiwa; utahifadhi nini? Andika picha.thumbnail((300, 300)) peke yake, kisha picha.save("ndogo.jpg"). Kama ile kubwa bado unaihitaji, tengeneza nakala kwanza kwa picha.copy().

Kulala ubavu ni mambo ya simu. Ukipiga wima, mara nyingi simu huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha huandika kwenye data za EXIF, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili la picha, kwamba igeuzwe. Ukihifadhi picha ndogo, agizo hilo linaachwa nyuma. Kabla ya kupunguza weka picha = ImageOps.exif_transpose(picha); ImageOps ni sehemu ya Pillow hiyohiyo.

Na usilazimishe 300 kwa 300 kwa resize, parachichi litatoka kama ndizi, na ndizi kwenu hazijapungua. Thumbnail hulinda uwiano: picha ya 4000 kwa 3000 inatoka 300 kwa 225.

Ile PNG inayokataa kuwa JPG ina uwazi, yaani sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma, na JPG haiwezi kuzihifadhi; ipitishe convert("RGB"). Ikigoma tena, bandika ujumbe wote wa kosa, siyo mstari wa mwisho tu.