Mliosoma pamoja mkitaka kukutana ng'ambo: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliosoma shule za kimataifa za huku kwetu: Dar es Salaam, Moshi, Nairobi, na mmoja Kinshasa. Walilala bweni moja, wakachukua vyeti, wakatawanyika mabara matano. Sasa mvi za kwanza zimeingia na kwenye kila kundi la WhatsApp ametokea mmoja aliyeandika, "Jamani, tukutane." Kuanzia hapo mapendekezo ni mengi na tarehe hakuna.

Shikamoo mama. Tulimaliza Moshi mwaka 2001. Kura imepigwa, Barcelona imeshinda kwa mbali. Mimi nina paspoti ya Tanzania, rafiki yangu yuko Bujumbura na ana ya Burundi. Niseme nini nisionekane mharibu sherehe? (Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Sema leo, kabla mtu hajalipia chumba. Aliye Toronto au Rotterdam alipopiga kura aliwaza jua na bei ya ndege; wewe uliwaza dirisha la ubalozi. Hawakukusudia ubaya. Hawajawahi tu kudaiwa taarifa ya benki ya miezi kadhaa ili waende kula chakula cha jioni na rafiki.

Wape hesabu, maana hesabu haigombani na mtu. Viza ya Schengen, ile inayotumika Hispania na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Ukinyimwa, hairudi. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini wanaruhusiwa kuvuta hadi 45. Ongeza bima ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya mwajiri, na uthibitisho wa malazi. Na kama nchi unayoishi haina ofisi inayopokea maombi hayo, unavuka mpaka kwanza kwenda kutoa alama za vidole, kisha unarudi nyumbani kusubiri.

Kila kamati inayoniuliza naiambia neno hilo hilo: anzeni na paspoti yenye shida kuliko zote, mji ufuate. Kila mtu aandike paspoti anayosafiria na nchi anayoishi. Msikisie kwa jina wala kwa sura. Yule Mhindi mliyecheza naye hoki huenda ni raia wa Uingereza siku hizi, na yule Mholanzi aliyezaliwa hospitali ya KCMC, Moshi, hakuwahi kupata karatasi ya Tanzania hata moja.

Mkishaipanga orodha hiyo, ramani itabadilika yenyewe. Afrika Kusini inawapokea Watanzania na Wakenya bila viza hadi siku 90. Rwanda ndiyo yenye mlango mpana zaidi karibu nasi: raia wa nchi za Umoja wa Afrika, wa Jumuiya ya Madola na wa nchi zinazotumia Kifaransa hupata siku 30 bila kulipa, na wengine hununua viza wakifika. Rafiki yako wa Bujumbura, mwenzenu wa Toronto na wa London, wote wanaingia humo. Ila viza siyo habari yote. Tangu waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda, wauchukue mji wa Goma huko Kongo Januari 2025, wapo Wakongo ambao kukaa hoteli ya Kigali wakicheka hakutawapendeza hata wakilipiwa. Mpaka wa Burundi na Rwanda nao una historia yake ya kufungwa. Waulizeni hao faraghani, msiwaulize mbele ya kundi zima.

Wakishikilia Barcelona, basi wakubali masharti. Tarehe itajwe miezi tisa mapema. Kamati itoe barua moja ya kweli kwa kila mwombaji: tunakutana nani, lini, hoteli gani, nani analipa nini. Nimeona watu wakijitungia "kongamano la elimu" ili barua ipate uzito. Usiguse kitu hicho, afisa wa viza akikugundua atakumbuka jina lako miaka mingi. Anayetaka kulala kwa rafiki anayeishi huko ajue kwamba Hispania humtaka mwenyeji achukue barua ya mwaliko polisi, na Ufaransa humpeleka ofisi ya meya. Zinachukua muda. Na iandikwe kabisa kabla mchango wa kwanza haujaingia: atakayenyimwa viza anarudishiwa mchango wake wote, senti hadi senti.

Nimechaguliwa mweka hazina nikiwa usingizini. Tuko 40, sarafu saba. Wengine wanataka kutuma kwa M-Pesa kwenye namba yangu, wengine "wameahidi". (Nairobi)

Pole kaka. Ahadi unazijua, umeshakaa kwenye kamati za harusi: daftari limejaa, kapu tupu. Kwa hiyo panga kwa fedha zilizofika, siyo zilizotajwa.

Namba yako ya simu usiitoe. Wewe ni mwaminifu, najua, lakini fedha za watu 40 zikichanganyika na karo ya wanao, siku moja utashindwa kueleza shilingi elfu tatu na urafiki wa miaka 25 utaishia hapo. Fungueni akaunti ya kundi yenye watia saini wawili wanaoishi nchi tofauti kama benki itaruhusu. Kama haitaruhusu, mmoja alipe na mwingine aone taarifa kila mwezi. Chagueni sarafu moja ya kuhesabia. Gharama ya kutuma ni ya mtumaji, na kinachoandikwa ni kilichoingia.

Kuhusu hoteli, usisaini mkataba wa vyumba 30 kwa sababu watu 30 wameweka alama ya moyo kwenye ujumbe. Uliza tarehe ya mwisho ya kuachia vyumba bila faini, halafu tarehe yako ya malipo iwe wiki tatu kabla ya hiyo. Usihangaike na tiketi za kundi: mashirika ya ndege huhitaji kama watu kumi wanaosafiri pamoja, na ninyi mnatokea Perth, Doha na Kampala. Kila mtu anunue yake.

Jambo moja zaidi, ambalo kamati nyingi huliona aibu. Wekeni mfuko wa kimya. Walio na uwezo waongeze kidogo bila kutangaza, watu wawili tu wajue mfuko umemsaidia nani, na fomu ya kujiandikisha iwe na mstari mmoja: "Ningependa kuja ila gharama inanizidi." Mtu ataujaza mstari huo kimya kimya, lakini hatakuja kulisema kwenye kundi.

Mimi nilibaki Moshi. Wenzangu wameamua kuja kukutana hapa na kupanda mlima. Tangu siku hiyo nimekuwa ofisi: niulizie loji, niulizie gari, "wewe ni mwenyeji, atakupunguzia". Nina duka la dawa za mifugo na hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Na mchango waliotaja, dola 900, sina. (Moshi)

Barua yako nimeisoma mara mbili. Shule uliyosoma ilianza mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wageni waliofanya kazi KCMC, na leo ni UWC East Africa. Mlisoma watoto wa wageni na watoto wa wenyeji kwenye dawati moja. Darasani hukuona tofauti kubwa. Tofauti inajionyesha sasa, kwenye kundi la simu, pale mtu anapoandika "dola 900 tu".

Hiyo "tu" ndiyo ya kuijibu, na uijibu kwa upole. Mwandikie mwenyekiti peke yake: kazi wanayokupa ni kazi, na ina bei. Kampuni za utalii hapo mjini zinaishi kwa kazi hiyo hiyo. Pendekeza mambo mawili wachague: ama wakulipe kama mratibu wa huku, kwa kiasi mlichokubaliana, ama kazi hiyo iwe ndiyo mchango wako na hudaiwi hata senti. Mimi ningechukua la pili na kuliandika kwenye kumbukumbu za kamati, ili mwakani asitokee mtu akasema ulikuja bure. Na kama hutaki lolote kati ya hayo, wape simu za kampuni tatu na urudi dukani kwako.

Kabla ya hapo, waondolee ndoto chache. Anayepanda Kilimanjaro lazima apite kwa kampuni yenye leseni na mwongozaji aliyesajiliwa. Hakuna "binamu yangu atatupeleka". Getini ada za hifadhi zinafuata paspoti: raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, mgeni hulipa kwa dola, kwa kila siku, na "nilikulia hapa, namjua hadi mwuza mbege" haipunguzi kitu. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala na watu huifanya siku tano au sita. Machame ni mahema, siku sita au saba. Mtu wa miaka 50 aliyepanda akiwa na 17 asidhani mapafu yanakumbuka. Ni mita 5,895, na saba ndiyo bora kuliko sita. Begi la kila mpagazi lisizidi kilo 20, na bei inayoonekana rahisi mno mara nyingi imetolewa kwenye ujira wa wapagazi hao.

Kuna na hili, linalouma zaidi. Waliozaliwa Watanzania wakachukua uraia wa Kanada au Uingereza wakiwa watu wazima kwa kawaida wataingia kwa viza, dola 50 kwa wengi wao, na aliyechukua wa Marekani 100, kwa sababu uraia pacha kwa mtu mzima hatuna. Wenzao Wakenya waliruhusiwa na Katiba ya 2010. Waambie mapema, wasije wakalifanyia ugomvi dirishani uwanja wa ndege wa KIA. Watakaoendelea Zanzibar, bima ya huko ni lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024, dola 44. Mifuko ya plastiki waiache walikotoka. Imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Wasije masika. Machi hadi Mei mlima haukusubiri.

Wametupangia wiki ya mwisho ya Februari 2027. Nikasema ni Ramadhani, wakajibu "mtakula usiku". (Muscat)

Dada, Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, kwa hiyo wiki hiyo ni kumi la pili likielekea la mwisho, wakati mtu anataka kuwa msikitini na kwa watu wake. Jibu la "mtakula usiku" limetoka kwa mtu aliyekula futari ya mama yako miaka minne bila kuuliza inapikwaje. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Kama hawasogezi tarehe, usiende.

Kwa kamati nyingine: kabla ya kutaja wiki, zungusheni kalenda kwa mtu wa Ghuba, wa Australia na wa Ulaya. Julai kwa mmoja ni likizo, kwa mwingine ni katikati ya muhula, na bei ya ndege inawajua wote.

Tunatafuta watu 20 wa darasa letu waliopotea. Shule imekataa kutupa anwani zao. (Brussels, aliyesoma Kinshasa)

Imefanya vizuri. Ulaya ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2018, Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Wewe andika barua yako, uiombe shule iwatumie yenyewe, atakayependa atakujibu. Wasichana watafuteni pia kwa majina ya ndoa. Na mtu akikaa kimya mara mbili, mwacheni. Wapo ambao shule ile haikuwa mahali pa furaha kwao.

Tuwaalike walimu? Na nani awalipie? (Dar es Salaam)

Waalikeni, mkimaanisha kuwalipia tiketi, chumba na bima. Mwaliko wa "karibu, jitegemee" kwa mstaafu wa miaka 78 ni afadhali usitumwe. Msiwaalike zaidi ya wawili au watatu, maana wakizidi mtakaa wima jioni nzima kama mnasubiri kuitwa majina. Lakini naona orodha yenu ina walimu watupu. Matroni aliyewaamsha, mpishi, mlinzi aliyejifanya hakuona mkiruka uzio: hao hamkuwaandika. Mkikutana ng'ambo kuwaleta ni kazi, kwa hiyo tengeni fungu la fedha wapelekewe mkononi, na aende mtu wanayemfahamu.

Mume wangu anataka kwenda peke yake kwenye mkutano wao. Anasema nitachoka. (Mombasa)

Anasema kweli, utachoka. Siku ya kwanza utasikiliza kisa cha mbuzi aliyeingia maabara, siku ya pili utakisikiliza tena kutoka kwa mtu mwingine. Kama wasiwasi ni kuchoka, nenda naye mji huo huo, hudhuria chakula kimoja, siku nyingine tembea zako. Kama wasiwasi ni mwanamke fulani wa darasa lao, hilo sikuulizwa, lakini muulize yeye kabla hajanunua tiketi moja.

Chanjo ya homa ya manjano niliipata 2009. Kadi imeisha muda? (Leeds)

Haijaisha. Tangu Julai 2016 kadi ya njano inadumu maisha, hata kama iliandikwa miaka kumi, alimradi jina na muhuri vinasomeka. Tanzania huidai kwa anayetokea nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege huko zaidi ya saa 12. Ukipitia Nairobi au Addis Ababa, angalia saa zako. Aliyeipoteza achanje upya siku kumi au zaidi kabla ya safari.